Samaki mkunje angali mbichi, lakini usimvunje

Mzazi anapompeleka mtoto kwa kocha, mara nyingi huuliza mambo matatu: ada ni kiasi gani, mazoezi ni siku zipi, na kocha huyo amewahi kushinda nini.

Swali la nne ni nadra kuulizwa. Kocha mwenyewe alifundishwaje alipokuwa mtoto?

Swali hilo lina uzito kuliko vikombe vilivyopangwa kabatini. Kocha aliyewahi kuwa mchezaji hafundishi kwa vitabu peke yake. Hufundisha kwa maumivu aliyoyavumilia, kwa maneno aliyoambiwa na kwa ushindi alioukosa. Mazuri aliyopewa huyapitisha kwa mtoto, na makali aliyotendewa huweza kuyapitisha pia, pengine bila kujua.

Maisha ya Amina Zaripova, mwanajimnastiki wa Urusi aliyegeuka kocha, yanalionyesha jambo hili vizuri. Kuna mwalimu aliyemfundisha yeye, yupo yeye mwenyewe, na kuna binti aliyemfundisha. Medali ambayo Amina hakuipata, binti huyo aliipata miaka 20 baadaye.

Mchezo wa dakika moja na nusu

Jimnastiki ya midundo si mchezo uliozoeleka Afrika Mashariki. Anayeuona kwa mara ya kwanza huweza kuufananisha na sarakasi iliyochanganywa na ngoma.

Mchezaji, ambaye kwenye Olimpiki huwa ni mwanamke, husimama kwenye zulia lenye upana wa mita 13 kila upande. Muziki ukianza hucheza kwa takribani dakika moja na nusu akiwa na kifaa mkononi. Huenda kikawa mpira, virungu viwili, utepe wenye urefu wa mita 6, au pete kubwa kama ile ambayo watoto huizungusha kiunoni. Zamani ilikuwapo pia kamba.

Hurusha kifaa juu, hujiviringisha chini, hupinda mgongo hadi kichwa kikaribiane na nyayo, kisha hukidaka. Kikidondoka, alama zinakatwa. Utepe ukijifunga fundo, alama zinakatwa. Waamuzi hutazama pia jinsi mwili unavyoonekana: mguu ulivyonyooka, mgongo ulivyolainika, hata uso ulivyochangamka.

Mchezo huu uliingia kwenye Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles. Katika nchi zinazoutawala, watoto huanza mazoezi wakiwa wadogo sana, wengine kabla hawajaanza darasa la kwanza. Kimataifa, mchezaji huruhusiwa kushindana na wakubwa kuanzia mwaka anaotimiza miaka 16.

Mzazi aipige hesabu hiyo vizuri. Mtu anayetaka kuwa tayari akiwa na miaka 16 lazima afanye mazoezi makali zaidi kati ya miaka 11 na 15. Hiyo ndiyo miaka ambayo msichana anavunja ungo, anarefuka kwa kasi na mifupa yake inajijenga. Mwili unahitaji chakula na usingizi wa kutosha, huku mchezo ukimtaka abaki mwembamba na mwepesi.

Amina na nafasi ya nne

Amina Zaripova alizaliwa mwaka 1976 Chirchik, mji ulio karibu na Tashkent nchini Uzbekistan, wakati huo ikiwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Kipaji chake kilimfikisha mikononi mwa Irina Viner.

Viner, aliyezaliwa Samarkand mwaka 1948, naye alikuwa mwanajimnastiki kabla ya kuanza kufundisha Tashkent. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, alihamia Urusi na kuweka makao yake Novogorsk, kambi ya mazoezi iliyo nje kidogo ya jiji la Moscow. Wasichana wake wawili wakawa wanaiwakilisha Urusi. Mmoja alikuwa Amina. Mwingine ni Yana Batyrshina, aliyekuwa mdogo kwa Amina kwa miaka mitatu.

Viner alijulikana kwa mambo mawili. Kwanza, matokeo. Pili, ukali. Mazoezi yake yalikuwa ya saa nyingi, na sauti yake ilisikika ukumbi mzima.

Agosti 1996, wasichana hao wawili walisimama kwenye zulia la Olimpiki mjini Atlanta. Dhahabu ilikwenda kwa Ekaterina Serebrianska wa Ukraine. Fedha ilichukuliwa na Yana, akiwa na miaka 16 tu. Shaba ikaenda kwa Olena Vitrychenko, naye wa Ukraine. Amina alishika nafasi ya nne.

Nafasi ya nne kwenye Olimpiki ni mahali pagumu. Mchezaji amewashinda karibu wote waliokuja, lakini hapandi jukwaani na havishwi chochote. Kwa Amina palikuwa pagumu zaidi, kwa kuwa aliyevishwa fedha ni mdogo wake waliyekuwa wakifanya mazoezi ukumbi mmoja, chini ya kocha mmoja.

Alikuwa tayari na medali za mashindano ya dunia. Ile ya Olimpiki hakuipata. Katika mchezo ambao msichana wa miaka 20 huhesabika kuwa mkubwa, nafasi ya pili ya kujaribu ni nadra.

Baada ya kustaafu aligeukia ukocha. Alifundisha palepale Novogorsk, chini ya mwalimu wake yuleyule, ambaye sasa alikuwa kocha mkuu wa Urusi. Nyumbani ni mama wa watoto watatu.

Binti wa mhandisi wa meli

Mmoja wa wasichana waliopita mikononi mwa Amina ni Margarita Mamun, ambaye wengi humwita Rita. Alizaliwa Moscow Novemba 1995. Baba yake, Abdullah Al Mamun, alikuwa mhandisi wa meli kutoka Bangladesh. Mama yake, Anna, ni Mrusi ambaye naye aliwahi kucheza jimnastiki ya midundo.

Rita alianza mchezo akiwa na miaka 7. Alipokuja kwa Amina alikuwa bado mtoto wa shule, na alibaki naye hadi mwisho wa safari yake.

Hili la kubaki ni la kuangaliwa. Katika michezo mingi mtoto hupita kwa makocha wanne au watano, kila mmoja akibomoa alichojenga mwenzake. Amina alimjua Rita kabla hajavunja ungo, akamwona akirefuka, akajua ni lini analia kwa uchovu na ni lini analia kwa hasira. Kocha wa namna hiyo anakuwa kama shangazi wa mtoto, na nguvu yake juu ya mtoto huyo inakuwa kubwa kuliko ya mwalimu wa darasani.

Rita alikua akawa mmoja wa bora duniani, lakini hakuwa wa kwanza. Mbele yake alikuwapo Mrusi mwenzake, Yana Kudryavtseva, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa jumla mara tatu mfululizo, mwaka 2013, 2014 na 2015. Mara mbili za mwisho, Rita ndiye aliyekuwa wa pili.

Kwa Amina hali hii haikuwa ngeni. Kwa mara nyingine, aliyezuia njia ya kwenda juu alikuwa msichana wa kambi ileile.

Agosti 20, 2016 mjini Rio de Janeiro, Kudryavtseva aliyekuwa akipewa nafasi kubwa alidondosha kirungu mwishoni mwa onyesho lake. Rita hakudondosha kitu. Alimaliza na alama 76.483 dhidi ya 75.608 za mwenzake. Ganna Rizatdinova wa Ukraine akawa wa tatu.

Ilikuwa dhahabu ya tano mfululizo ya Urusi katika shindano hilo la mtu mmoja mmoja kwenye Olimpiki, tangu mwaka 2000. Kwa Amina, ilikuwa mara ya kwanza binti aliyemlea kimchezo kusimama pale ambapo yeye hakusimama miaka 20 nyuma.

Siku chache baadaye, baba yake Rita alifariki dunia kwa saratani.

Kamera iliyoingia kambini

Habari hii ingeweza kuishia kwenye dhahabu na msiba, kama habari nyingi za michezo. Lakini kabla ya Rio, mwongozaji filamu wa Poland, Marta Prus, alikuwa amepata ruhusa ya kuingia na kamera kwenye mazoezi ya Rita. Filamu yake, Over the Limit, ilitoka mwaka 2017.

Ndani ya filamu hiyo hakuna simulizi ya msanii anayeeleza nini ni kizuri na nini ni kibaya. Mtazamaji anaachwa aone mwenyewe. Anamwona Rita akirudia zoezi lilelile tena na tena. Anamwona Viner akimkaripia kwa maneno makali, pamoja na kumwambia kwamba yeye si binadamu bali ni mwanamichezo. Anaona habari za ugonjwa wa baba zikimfikia msichana aliye katikati ya maandalizi.

Amina naye yupo katikati. Kwa upande mmoja ana kocha mkuu ambaye ndiye aliyemfundisha yeye, na kwa upande wa pili ana msichana anayelia. Wakati mwingine anamkumbatia Rita. Wakati mwingine anaungana na mkubwa wake katika kumsukuma. Ni mpole kuliko Viner, lakini naye hamwachi msichana apumue sana.

Mzazi anayeitazama filamu hii anaweza kukasirika na kumaliza hapo. Lakini akitulia ataona kitu kingine. Amina anajua kila anachokipitia Rita, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kusimama mbele ya sauti ileile akiwa binti. Anajua inavyouma. Anajua pia kwamba yeye alivumilia na akafika nafasi ya nne duniani. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, si rahisi kusema ni wapi ukali uliomjenga uliishia na ni wapi ukali uliomuumiza ulianzia.

Rita alikuwa na miaka 20 siku aliyovishwa dhahabu. Hakurudi tena kwenye Olimpiki, na mwaka 2017 ilitangazwa rasmi kuwa amestaafu. Aliolewa, akawa mama.

Mchelea mwana kulia

Wapo wazazi watakaosema: si alishinda? Ukali ndio uliomfikisha. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Na samaki si hukunjwa angali mbichi?

Methali hizo ni za kweli, na hakuna mtoto aliyefika mbali katika michezo, masomo au muziki bila kubanwa kidogo. Mtoto anayeachwa aache kila kitu kinapokuwa kigumu hatajua raha ya kukiweza. Kocha anayesema "rudia" kwa mara ya ishirini anaweza kuwa ndiye anayempenda zaidi.

Lakini anayetumia methali ya samaki akumbuke kwamba inazungumzia kukunja, haizungumzii kuvunja. Samaki mbichi hukunjika kwa sababu ana maji mwilini. Ukimkausha kwanza kisha ukamkunja, anakatika hata kama bado ni mdogo.

Kwa mtoto anayefanya mazoezi, maji hayo ni chakula, usingizi, mapumziko na mtu wa kumweleza ukweli. Vikiwepo vinne hivyo, mtoto anaweza kubanwa sana na akabaki mzima. Visipokuwepo, hata mazoezi ya kawaida humdhuru.

Dhahabu ya mmoja pia haiwezi kuwa kipimo. Mtu humwona aliyepanda jukwaani. Hawaoni mamia ya wasichana waliolelewa kwa ukali uleule katika nchi mbalimbali, wakaondoka bila medali, wakiwa na migongo inayouma na hofu ya sahani ya chakula. Katika miaka ya karibuni, wanajimnastiki waliostaafu katika nchi kadhaa wamejitokeza kueleza hadharani jinsi walivyopimwa uzito kila siku na kudhalilishwa mbele ya wenzao kwa sababu ya miili yao.

Mwili ukikosa mafuta, huzima taa

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu tatizo ambalo madaktari wa michezo walikuwa wakiliona kwa muda mrefu. Ni hali ya mwanamichezo kula pungufu ya kile mwili wake unachotumia, kwa muda mrefu, hadi mwili unaanza kujibania.

Mfano wa nyumbani husaidia kuielewa. Familia ikipungukiwa fedha, huanza kuzima taa za vyumba visivyotumika ili umeme wa jikoni usikatike. Mwili nao hufanya hivyo. Huulinda moyo, ubongo na misuli inayotumika, kisha hupunguza matumizi kwenye mambo mengine: hedhi, ukuaji, ujenzi wa mifupa na kinga dhidi ya maradhi.

Kwa msichana, dalili ya wazi zaidi ni hedhi. Aliyefikisha miaka 15 bila kuvunja ungo anapaswa kuonwa na daktari. Aliyekwisha kuanza, kisha hedhi ikakatika kwa miezi mitatu au zaidi, naye aonwe. Makocha na hata baadhi ya wazazi huiona hali hiyo kuwa ya kawaida kwa wanamichezo, wengine wakiifurahia kwa kuwa haimsumbui mtoto kambini. Si ya kawaida. Ni taa iliyozimwa.

Mifupa ndiyo inayolipa gharama kubwa. Sehemu kubwa ya uimara wa mifupa ya mtu hujengwa utotoni na katika miaka ya ujana. Msichana anayepoteza miaka hiyo kwa njaa ya kujitakia au ya kulazimishwa anaweza asiirudishe yote. Huanza kupata nyufa ndogo kwenye mifupa, mara nyingi kwenye miguu. Katika jimnastiki, ambako mgongo hupindwa kwenda nyuma mara nyingi kwa siku, nyufa hizo hutokea pia kwenye pingili za kiuno.

Ndiyo maana maumivu ya mgongo kwa mtoto hayapaswi kuchukuliwa kama ya mtu mzima aliyebeba ndoo. Mtoto anayelalamika mgongo kwa zaidi ya wiki mbili, au unaomuuma zaidi anapoupinda nyuma, apumzishwe na apelekwe hospitali. Kumpaka dawa ya kuchua na kumrudisha uwanjani jioni ileile ni kuficha moto chini ya mkeka.

Tatizo hili haliwahusu wasichana peke yao, wala jimnastiki peke yake. Linaonekana kwa wakimbiaji, wanaocheza dansi, waogeleaji na mabondia wanaojinyima ili wafikie uzito. Mvulana hana hedhi ya kumpa ishara, hivyo mzazi atazame mengine: uchovu usioisha, homa na mafua ya mara kwa mara, majeraha yasiyopona, hasira za ghafla, na uwezo unaoshuka ingawa mazoezi yameongezwa.

Kabla ya kumkabidhi mtoto

Mtoto wako huenda hatashika utepe maishani mwake. Huenda anacheza netiboli, anakimbia mita 800, yuko kwenye kituo cha soka au amechaguliwa kwenda kambi ya UMITASHUMTA. Maswali ya kumuuliza kocha ni yaleyale.

Muulize alivyofundishwa yeye. Mwulize kirafiki, si kwa mtego. Kocha wako alikuwaje? Ni kitu gani alikufanyia ambacho na wewe unawafanyia watoto? Ni kipi umeamua kukiacha? Kocha aliyewahi kukaa na kuyafikiria hayo atakuwa na jibu. Anayesema "sisi tulipigwa na tukawa watu" amekwisha kujibu pia.

Muulize kuhusu chakula na uzito. Mtoto anakula nini kabla na baada ya mazoezi? Kuna mizani? Nani anasoma namba na anaisoma mbele ya nani? Mtoto anayekua anatakiwa kuongezeka uzito mwaka hadi mwaka. Kocha anayetaka mtoto wa miaka 13 abaki na uzito wa miaka 11 anashindana na maumbile, na anayeumia katika shindano hilo ni mtoto.

Muulize siku ya mapumziko. Angalau siku moja kwa wiki bila mazoezi, na wiki kadhaa kwa mwaka za kucheza tu na watoto wa mtaani. Kama hakuna, omba iwepo.

Muulize kama unaweza kukaa pembeni na kutazama. Ukumbi ambao mzazi haruhusiwi kuingia wakati wowote unahitaji maelezo mazuri sana. Mtoto akiwa kambini, awe na njia ya kupiga simu nyumbani bila kocha kusimama pembeni akisikiliza.

Nyumbani nako kuna kazi. Mtoto wa mazoezi asiondoke asubuhi na chai kavu. Uji wenye karanga, kiazi kitamu na yai, au ugali uliobaki na maharage vinatosha. Akirudi, apate chakula mapema, kisha alale. Maneno kama "umenenepa" na "acha kula, utakuwa mzito uwanjani" yasitoke kinywani mwa mama, baba, shangazi wala kaka, hata kwa utani. Kocha akiyasema, mtoto awe na mahali pa kuyapeleka.

Medali ni ya nani

Lipo swali moja zaidi, na hili mzazi hujiuliza mwenyewe. Mama yake Rita alikuwa mwanajimnastiki. Kocha wake alikosa medali kwa nafasi moja. Kocha wa kocha wake alikuwa na rekodi ya taifa zima ya kulinda. Mtoto mmoja aliingia kwenye zulia akiwa amebeba matarajio ya watu wazima wengi.

Katika nyumba nyingi mambo ni hivyo hivyo, ingawa hayana kamera. Baba aliyeumia goti akiwa na miaka 17 anamwamsha mwanawe saa 10 alfajiri kukimbia. Mama ambaye hakuruhusiwa kucheza kwa kuwa ni msichana anataka binti yake asikose hata siku moja. Hakuna ubaya katika kumpa mtoto nafasi ambayo mzazi aliikosa. Kurithisha ndoto ni sehemu ya malezi.

Mtoto akubali mwenyewe, tena aulizwe zaidi ya mara moja, kwa kuwa jibu la mtoto wa miaka 7 si lazima liwe jibu lake akiwa na 14. Aulizwe wakati ametulia, wakiwa njiani kutoka sokoni au wakichambua mchele, si dakika tano kabla ya mazoezi. Aambiwe wazi kwamba akisema "nimechoka" hatapoteza mapenzi ya mtu yeyote katika nyumba hiyo.

Kisha asikilizwe hadi mwisho. Akisema anataka kuendelea, asaidiwe kwa chakula, nauli na muda. Akisema anaumwa, apelekwe hospitali kabla ya kurudi kwa kocha, na kocha aambiwe na mzazi, si na mtoto.